BREKI YA BAISKELI YA MWANANGU

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja, mkaguzi wa mabehewa, katika mkutano wa tawi mjini Thika. Yamepigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama.)



Mimi si msemaji wa mikutano. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, kisha nikaingia kazini, na mengi niyajuayo nimefundishwa na nyundo na spana. Lakini katibu aliniambia, "Jambo lililokupata wewe laweza kumpata kila mzazi aliye hapa. Simama uwaeleze." Kwa hiyo nimesimama.

Ninyi mwaijua kazi yangu. Nakagua breki za mabehewa. Hakuna behewa linaloondoka mbele yangu kama breki yake ni mbovu. Nalibandika kibandiko, nalitoa katika mstari, hata mkubwa akipiga kelele kwamba gari linachelewa. Hiyo ndiyo heshima yangu kazini.

Basi sikilizeni aibu yangu. Nyumbani nina baiskeli kubwa nyeusi, ile ya vyuma vizito, ambayo mwanangu wa miaka 11 aliiendesha kwa kupitisha mguu chini ya mwamba wa katikati kwa sababu hafikii kiti. Raba za breki ya nyuma zilikuwa zimeisha. Ya mbele ilishika kidogo tu. Mama yake aliniambia mara mbili. Nikamjibu, "Nitatengeneza Jumapili." Jumapili ikapita, na nyingine ikapita.

Siku moja ya Jumamosi mimi nilikuwa kazini upande wa Ruiru. Mtoto alitumwa kusaga mahindi, ng'ambo ya barabara ya Garissa, pale karibu na Makongeni. Wakati wa kurudi, unga ukiwa nyuma ya baiskeli, aliteremka mtelemko, akakaza breki, breki haikushika. Akaingia barabarani. Gari dogo la mizigo likampiga gurudumu la nyuma, akaanguka, mguu ukavunjika chini ya goti.

Nilipigiwa simu. Ndugu zangu, kutoka Ruiru mpaka Thika si mbali, lakini siku ile niliona kama safari ya Mombasa. Nilipofika hospitalini nilimkuta amelala, mguu umefungwa mbao. Neno lake la kwanza halikuwa juu ya maumivu. Alisema, "Baba, usinipige. Unga umemwagika."

Mimi niliyeacha breki bila raba, mtoto ndiye aliyeniomba msamaha. Nilitoka nje nikasimama ukutani mpaka macho yakakauka.

Sasa nataka kusema juu ya dereva. Nilipomwona uani mwa hospitali, mkono wangu ulitaka kumshika shingo. Pale barabarani vijana walikuwa wamekwisha kuokota mawe. Mama mmoja anayeuza mboga ndiye aliyewazuia. Pia ndiye aliyewakataza wasimnyanyue mtoto kwa mikono. Alitafuta vipande viwili vya mbao, akaufunga mguu kwa leso yake kama ulivyokaa, bila kuuvuta. Daktari alituambia kwamba alifanya vizuri sana, maana mfupa uliovunjika ukivutwa-vutwa waweza kukata mishipa na nyama.

Dereva yule hakukimbia. Alisimama, akamleta mtoto hospitalini, akaenda mwenyewe kuandikisha polisi, kama sheria ya barabara inavyotaka. Nilipotulia nilimwuliza alikuwa na haraka gani. Akaniambia kwamba hana mshahara wa mwezi, analipwa kwa safari. Safari tano ana chakula, safari tatu hana. Basi anapita madukani kwa mwendo wa 80 mahali ambapo sheria yataka 50.

Ndugu wanachama, fanyeni hesabu pamoja nami. Gari la mwendo wa kilometa 50 kwa saa hupita karibu meta 14 katika sekunde moja. La 80 hupita meta 22. Kabla mguu wa dereva haujagusa breki, sekunde moja imekwisha. Hizo meta nane zilizozidi ndizo urefu wa chumba changu na cha jirani yangu. Mtoto yuko ndani ya meta hizo. Simtetei dereva, haraka yake ilikuwa kosa. Lakini chama cha wafanya kazi hakiwezi kumlaumu dereva na kunyamaza juu ya mshahara unaomkimbiza. Malipo ya safari humfanya mtu aibe dakika, na dakika hizo hulipwa na watoto wa maskini wenzake.

Msidhani nazungumza juu ya mtoto mmoja tu. Tangu mwaka 2021, kila mwaka watu zaidi ya 4,000 wamekufa katika barabara za Kenya, na kundi lililo kubwa kuliko yote ni wale wanaokwenda kwa miguu. Shirika la Afya Duniani limeandika kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 ulimwenguni. Barabara yetu kubwa ya kutoka Nairobi mpaka Thika, karibu kilometa 50, ilifunguliwa rasmi Novemba 2012. Ni barabara nzuri, imetuletea faida. Lakini ilikata mitaa katikati, na bado twaona watu wakiruka vyuma vya katikati huku daraja la miguu liko pale pale. Mtoto humwangalia mzazi. Ukiruka wewe leo, ataruka yeye kesho.

Sasa nitasema mambo ambayo mimi nimeyafanya tangu siku ile, na mtu yeyote aweza kuyafanya.

Kwanza, baiskeli iwe ya kimo cha mtoto. Akikaa kitini, vidole vya miguu viguse chini. Pili, jaribu breki zote mbili kabla hajaondoka: kaza, kisha sukuma. Gurudumu likizunguka, baiskeli haiendi. Raba za breki ni bei ndogo kuliko bandeji. Tatu, barabara kubwa haivukwi kwa kupanda. Mtoto ashuke, asimame, atazame kulia, kushoto na kulia tena, ndipo avuke akisukuma. Penye daraja la miguu apite hapo. Nne, jioni avae nguo nyeupe, na baiskeli iwe na taa mbele na kioo chekundu nyuma. Akiweza kupata kofia ngumu ya waendesha baiskeli, aivae. Mguu hupona, kichwa ni vigumu.

Tano, na hili nasema kama mtu wa reli. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na mpaka leo wako watu wanaoizoea kama njia ya ng'ombe. Mtoto afikapo penye njia ya reli ashuke. Gurudumu jembamba likiingia katika ufa ulio kando ya reli humtupa mtu chini, kwa hiyo alisukume likate reli moja kwa moja, si kwa upande. Tena gari la moshi haliwezi kukwepa. Likiwa na mizigo, hata breki zikikazwa zote, linapita mamia ya meta kabla ya kusimama.

Ndugu zangu, Mmarekani George Westinghouse alibuni mwaka 1872 breki ya hewa ambayo bomba likikatika, breki hujikaza yenyewe. Yaani aliitengeneza akijua kwamba siku moja kitu kitaharibika. Sisi wazazi twafanya kinyume. Twatengeneza baada ya kuharibika.

Neno la mwisho ni la chama. Nilikaa na mtoto siku tisa. Msimamizi wangu alikuwa mtu mwema, akaniruhusu, lakini siku hizo zilikatwa katika likizo yangu ya mwaka, zile siku 21 za sheria ya kazi ya mwaka 2007. Sheria hiyo inataja likizo ya uzazi ya mama na ya baba. Siku za kumwuguza mtoto aliyeumia haizitaji. Kwa hiyo naomba tawi lipeleke ombi: katika mapatano yajayo na mwajiri ziandikwe siku chache za mfanya kazi mwenye mtoto hospitalini, bila kukatwa mshahara wala likizo.

La pili naomba hapa hapa. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao kila mwanachama alete baiskeli ya nyumbani kwake. Sisi wa karakana tutaleta spana, na tawi linunue raba za breki kwa fedha za changizo. Baiskeli itakayokutwa mbovu haitarudi nyumbani siku hiyo, hata mwenyewe akipiga kelele.

Mwanangu sasa anatembea kwa fimbo. Usiku mara nyingine hushtuka akilia. Simwambii awe mwanamume, nakaa naye mpaka alale. Juzi tulikaa uani tukafunga raba mpya pamoja, yeye akishika spana. Alipomaliza akakaza hendeli, akaniambia, "Baba, kagua." Nikakagua.

Ndugu Mwenyekiti, naomba maombi yangu mawili yapigiwe kura.

(Maombi yote mawili yalikubaliwa bila mpinzani. — Katibu)