Gari yetu inazimika wakati wa jua: tuanzie wapi?

Maneno yaliyotolewa mbele ya wanachama, Baraka



Mulituomba tueleze juu ya Noah ya shirika, sababu pesa inayoombwa itatoka ku mfuko wa wote. Shida yenyewe iko hivi. Asubuhi gari inawaka vizuri, inafika Mboko bila neno. Ikifika saa saba, jua kali, shofere akisimama kupandisha mtu, sauti ya moteri inashuka, gari inatetemeka, inazimika. Akikanyaga gesi kidogo inawaka tena. Garaji moja ilisema tununue pompi mpya ya esansi na kompyuta ya moteri. Wengine kati yetu wanasema shofere anachanganya esansi. Yote mawili ni maneno mazito: moja linakula pesa ya wajane, lingine linakula jina la mtu.

Na tusidharau. Gari hii ndiyo inabeba wamama wa kuzaa usiku. Moteri ikizimika, freni inabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani unakuwa mzito. Ku mteremko hiyo ni hatari.

Kabla ya kununua kitu tulijiuliza: inazimika wakati gani? Kama pompi imechoka, gari ingekosa nguvu ku mlima, ikiwa na watu wengi na mguu ukiwa chini. Yetu inapanda vizuri. Kama ni bobini au kitu kingine cha moto wa buji kinachokufa kikipata joto, ingekataa kuwaka mpaka ipoe. Yetu inawaka palepale. Inazimika ku ralanti tu, ni kusema wakati moteri inazunguka peke yake bila mguu ku gesi. Basi tulienda kutafuta njia ya hewa ya ralanti.

Juu ya esansi, tulitoa kidogo ku chupa nyeupe, tukaiacha ilale usiku. Maji hushuka chini, hatukuona maji. Tukatonesha mingine ku karatasi: ilikauka, haikuacha doa la mafuta kama petroli ya taa. Esansi ya Kadhafi wa barabarani tunaijua wote, lakini ile ya siku hiyo ilikuwa safi, na shofere alikuwapo akiona.

Sasa mambo ya hewa. Moteri ya Noah yetu, 3S-FE, iko chini ya viti vya mbele, joto linakaa pale. Mguu ukiwa juu, mlango mkubwa wa hewa unajifunga, na hewa inapita ku valvu ndogo iliyo chini yake, inayoongozwa na kompyuta. Moteri ikiwa baridi, valvu hiyo inafunguka sana, uchafu hausikiki. Ikipata moto inajifunga karibu yote, na hapo masizi meusi kidogo tu yanatosha kuinyonga. Tena hewa ya jua kali ni nyepesi, kompyuta inataka kufungua zaidi kidogo, valvu imekwama. Njo maana asubuhi haina shida.

Kuna fundi aliyetaka kukaza skrubu ya ralanti ili moteri izunguke juu. Tulikataa. Hiyo ni kumpa mwenye malaria dawa ya kichwa; gari ingekula esansi bure na ugonjwa ungebaki.

Moteri ikiwa imezimwa na imepoa, tulitoa mpira mkubwa wa hewa, tukafungua valvu, tukasafisha yote kwa dawa ya kunyunyizia ya karbiratere na mswaki wa zamani. Kitambaa kilitoka cheusi kama sufuria ya bukari. Tulikagua pia mipira midogo, kama imepasuka.

Kisha tulipima sonda ya joto la maji, sababu ikidanganya kompyuta, esansi inazidi, moshi unakuwa mweusi. Ku nyuzi 20 inapaswa kuonyesha kati ya omu 2,000 na 3,000. Ku nyuzi 80, kati ya 200 na 400. Ilikuwa sawa. Hata bila mashine ya kupima, Toyota za zamani zinajisema: unganisha TE1 na E1 kwa waya mdogo ku kisanduku cha kupimia, washa kontakti bila kuwasha moteri, hesabu taa ya moteri inavyopepesa. 22 ni sonda hiyo. Yetu ilipepesa mfululizo bila namba, ni kusema kompyuta haikuandika kosa lolote.

Siku iliyofuata tuliiacha ku ralanti saa nane mchana, dakika 40, taa zimewashwa, fanya imewashwa. Haikuzimika.

Pesa ya pompi na ya kompyuta iko bado ku mfuko, muhasibu atawaonyesha. Tunaomba kamati ikubali mambo mawili: daftari la gari ambamo shofere anaandika saa, mahali na namna gari ilivyosumbua, na tanki isishuke chini ya robo, sababu pompi inapozwa na esansi yenyewe.

Kisha mkutano tutainua kiti cha mbele, na shofere mwenyewe ataonyesha valvu iko wapi. Mujilete na vitambaa, vya kwetu vimekwisha.