Mdaiwa Aliyekwama: Sheria ya Kufilisika na Madeni ya Machimboni Shinyanga na Geita



1. Utangulizi

Bunge letu limezungumza sana kuhusu mikopo ya watu wa kipato cha chini. Mwaka 2018 lilipitisha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, iliyowapanga watoa huduma katika madaraja manne, kuanzia taasisi zinazopokea amana hadi vikundi vya kijamii kama VICOBA, na kuwaweka wote chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Mikopo ya riba kubwa inayoitwa kausha damu ilipoenea, wabunge waliihoji tena Serikali kuhusu riba, vyombo vya ndani vinavyobebwa na kadi za benki zinazoshikiliwa na wakopeshaji. Novemba 2024 Benki Kuu ikayafungia majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Hatua hizo ni njema, lakini zote zinamtazama mkopeshaji: ana leseni, anatoza kiasi gani, anadai kwa namna gani. Mada hii inamtazama mdaiwa ambaye amekopa kwa nia njema, akafanya kazi, kisha akashindwa kabisa kulipa. Hoja yangu ni kwamba mtu huyo hana mlango wa kisheria wa kutokea, na ni wajibu wa Bunge kumfungulia.

2. Deni linavyozaliwa machimboni

Mwenye leseni ya uchimbaji mdogo mara nyingi hachimbi mwenyewe. Anawaruhusu wenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, kuchimba katika eneo lake, kisha wanagawana viroba vya mawe. Mwenye duara naye anahitaji matimba, baruti, mafuta ya jenereta, pampu ya kuvuta maji na chakula cha vijana walio chini. Fedha hizo hutoka kwa mfadhili, na mara nyingi mfadhili huyo ndiye mnunuzi wa dhahabu. Sharti lake ni moja: dhahabu ikipatikana, iende kwake kwa bei atakayoitaja yeye.

Machi 2019 soko la madini lilizinduliwa Geita ili mchimbaji auze mahali panapojulikana, kwa bei inayojulikana. Soko limesaidia wengi. Hata hivyo, mwenye duara aliyekwisha kula fedha ya mfadhili hana uhuru wa kuchagua mnunuzi. Na kwa kuwa fedha hiyo huitwa ufadhili, mara nyingi bila karatasi yoyote, hakuna anayeihesabu kuwa mkopo.

Mtazameni sasa mama lishe wa Nyarugusu au Rwamgasa. Wachimbaji wengi hawalipwi mshahara, wanasubiri mgawo. Kwa hiyo wanakula kwa daftari. Kila ukurasa una jina la utani, idadi ya sahani na alama ya kilicholipwa. Mchele, mkaa na mafuta amevinunua kwa mkopo wenye marejesho ya kila wiki. Maji yakijaa duarani, au mkanda wa dhahabu ukipotea, vijana wanasikia kuna rashi mpya, yaani dhahabu iliyogunduliwa, kwingine na kuondoka usiku. Daftari linabaki mezani, na siku ya marejesho haisogei. Anakopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza, na wa tatu ili amlipe wa pili. Mama huyu si mvivu wala tapeli. Amebeba hatari ya mgodi ambao hana hisa ndani yake.

Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano waliokolewa wakiwa hai baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41. Taifa zima lilishangilia uhai wao, na ilistahili. Lakini sote tunaoishi ukanda huu tunajua kwamba duara linapofukia, mtaji wa mwenye duara, jasho la wachimbaji na mkopo wa mama lishe hufukiwa siku hiyohiyo. Wadai hawafukiwi.

3. Sheria tuliyonayo

Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, ilitungwa mwaka 1930 kwa kufuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1914. Inamtaka mtu aende Mahakama Kuu, mali yake iwekwe chini ya mpokeaji rasmi, yaani ofisa wa Serikali anayesimamia mali ya aliyefilisika, wadai waitwe mkutanoni na matangazo yatolewe. Enzi hizo serikali ya kikoloni ilikuwa pia na sheria ya kuzuia mikopo kwa Waafrika: asiye Mwafrika hakuweza kudai mahakamani mkopo aliompa Mwafrika, isipokuwa kwa kibali cha maandishi. Ni wazi basi kwamba sheria ya kufilisika ilimlenga mfanyabiashara wa mjini. Mchimbaji na mama lishe hawakuwamo katika fikra za walioiandika. Hata leo RITA, wakala wenye neno ufilisi katika jina lake, wananchi wetu wanaujua kwa vyeti vya kuzaliwa.

Kinachombakia mdaiwa mdogo ni Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Sheria hiyo inakinga zana za kazi, vyombo vya kupikia na nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake visikamatwe katika utekelezaji wa hukumu. Kinga hiyo ni nzuri, lakini inafanya kazi mahakamani tu. Wanaokuja alfajiri kubeba godoro na mitungi ya gesi hawana hukumu ya mahakama. Sheria hiyohiyo inaruhusu kifungo cha madai kisichozidi miezi sita, na mtu akitoka gerezani deni bado liko palepale. Wapo pia wanaolipeleka deni polisi kama kosa la kujipatia fedha kwa udanganyifu, ili hofu ifanye kazi ya ushahidi.

Basi mdaiwa anachagua kutoroka. Anaenda Chunya, Katavi au Msumbiji, anabadilisha laini ya simu, na mzigo unawaangukia mke, watoto na wanakikundi waliomdhamini. Mkopeshaji naye hapati kitu.

4. Wenzetu wamefanya nini

Uingereza yenyewe iliachana na mfumo ule kwa sheria ya mwaka 1986, na mwaka 2009 ikaanzisha amri ya nafuu ya deni kwa watu wenye madeni madogo na wasio na mali. Uganda ilitunga sheria mpya mwaka 2011. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2015, na ndani yake kuna utaratibu wa mdaiwa asiye na mali: mwenye deni la kati ya shilingi za Kenya 100,000 na milioni 4 anapeleka maombi kwa mpokeaji rasmi, na akikubaliwa, deni hufutwa baada ya miezi 12. Aliyeficha mali au kukopa akijua hatalipa hakubaliwi, na nafuu hiyo haipatikani mara mbili.

Masharti hayo yanajibu hofu ya wanaosema kwamba watu watakopa kwa makusudi wasilipe. Tapeli hapendi kuorodhesha mali na wadai wake mbele ya ofisa wa Serikali; anayekubali kufanya hivyo ni yule aliyekwama kweli.

5. Mapendekezo

(a) Sheria mpya iweke utaratibu wa nafuu kwa madeni madogo, unaopatikana wilayani, kwa fomu ya Kiswahili ambayo mtu anaijaza bila wakili.

(b) Maombi yakipokelewa, udai usimame kwa siku 60. Sheria ya Ardhi tayari inampa aliyeweka rehani muda kama huo wa notisi. Asiye na kiwanja naye anastahili kupumua.

(c) Ufadhili wa duara uandikwe na utambuliwe kuwa deni, na mkataba useme nani anabeba hasara duara likifukia au kujaa maji.

(d) Kubeba mali ya mdaiwa bila amri ya mahakama liwe kosa la jinai lililotajwa waziwazi, na adhabu yake ijulikane.

(e) Mdaiwa anapopewa nafuu, wadhamini wake wa kikundi wapewe mpango wa kulipa kidogokidogo, wasiachiwe deni lote kwa mkupuo.

6. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, uchumi wa Shinyanga na Geita unategemea watu wanaothubutu kuchimba mahali ambapo hawana hakika watakuta nini. Serikali inapokea mrabaha wanapofanikiwa. Haki inadai iwe na utaratibu kwa ajili yao wanaposhindwa. Nawaomba washiriki tuyapeleke mapendekezo haya kwa wabunge wa mikoa yetu, tukiwataka wayafikishe Dodoma kama hoja ya mageuzi ya Sura ya 25, ili anayeshindwa kulipa leo aruhusiwe kuhesabu alichonacho, kutoa anachoweza, na kurudi kazini hapahapa kwao bila kujificha.