Kondoo Wanalia

Leo ninasema na vijana wa Mokambo, na wazazi wao, na mimi mwenyewe pia. Tufungue kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 15.

Mufalme Saulo alipewa amri juu ya Waamaleki: asibakize kitu. Alishinda vita, lakini kondoo na ngombe wanono aliwarudisha. Samweli alipofika, Saulo akamusalimia kwa furaha na kusema amekwisha kutimiza yote. Samweli hakubishana naye. Alimuuliza tu: basi hii sauti ya kondoo inatoka wapi? Ndipo Saulo akajibu kwamba ni wa zabihu. Vijana, muangalie hilo jibu. Hakusema, "Nilitamani nyama." Alisema, "Ni ya Mungu."

Sisi watu wa mupaka tunaijua hiyo sauti. Ngambo ni Mufulira. Barabara inaingia kwetu, inakata Kongo karibu kilometa 70, inatoka tena Zambia kule Chembe. Unga wa bukari unapita kwenye kamio na kwenye kinga. Kusukuma kinga si zambi. Ni kazi ngumu, na mama wengi wa Lubumbashi wanapika bukari kwa jasho la hao vijana. Lakini kuko mulango wa duane, na kuko njia za pori usiku, na kila kijana anajua tofauti. (Wanaopita mulangoni mchana na noti imekunjwa ndani ya karatasi, nao wasifunge radio.)

Mwaka 2024 ukame uliharibu mahindi ya Zambia, unga ukawa shida kupata. Wakati ule kanisa letu lilikuwa linatafuta bafle ya mukutano wa vijana. Muvulana mumoja wa korali akaniletea feza, nyingi kuliko anazoweza kupata mutu wa kinga kwa mwezi. "Papa Pasta, hizi ni za bafle." Nilijua zilitoka wapi. Sikumuuliza neno. Niliweka mukono juu ya kichwa chake, nikamubariki mbele ya kusanyiko, na watu wakasema Amina.

Kisha wiki chache mama yake akafika kwangu jioni. Hakukaa. Mudogo wa yule muvulana, mutoto wa miaka 14, ameacha masomo. Anasindikiza kaka yake usiku. Mama alipomukataza, mutoto alimujibu: "Mama, si Pasta alipokea?"

Wandugu, siku hiyo Samweli alikuwa ni yule mama, na kondoo walikuwa wanalia ndani ya kanisa langu, wanalia kwa sauti ya bafle mupya. Jumapili nilisimama nikasema nilikosa. Tuliuza bafle. Wengine hawakufurahi, na mpaka leo korali inaimba bila hicho chombo.

Muvulana mwenyewe alikasirika sana. Aliniuliza nyumbani kwao watakula nini, na sikuwa na jibu la haraka. Tulisoma pamoja Luka sura ya 3. Watoza ushuru walimuuliza Yohana wafanye nini, naye hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasipokee kupita kile kilichoamriwa. Basi kinga inaweza kubaki. Njia ndiyo inabadilika. Sasa anapita mulangoni na karatasi zake, anasukuma gunia chache, faida ni ndogo. Kuko siku bukari inaliwa na matembele tu.

Kijana mwingine ataniambia utii ni kazi ya wazee. William Burton na James Salter walipofika Mwanza, hapa Katanga, mwaka 1915, hakuna hata mumoja wao aliyekuwa amefikisha miaka 30. Hawakungojea mvi ili wamutii Mungu.

Lakini yule mudogo bado hajarudi darasani. Anasema amekwisha kuzoea makuta yake mwenyewe, na deni la masomo liko palepale. Mimi ndiye nilimufungulia njia, kwa hiyo sehemu ya kwanza ya hilo deni nitalipa mimi. Siku ya tatu, kisha maombi ya jioni, wazazi na wazee wa kanisa tutakaa pamoja juu ya hilo. Muvulana amesema atakuja na mudogo wake. Mutuombee.