Panya wa Maabara na Mama Mjamzito wa Chaani

Maneno ya mfamasia wa kaunti mbele ya wajawazito, waume zao na wahamasishaji wa afya ya jamii, Chaani, Changamwe.

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi wazee wachache mlioketi karibu na mlango kana kwamba mwataka kutoroka, sogeeni mbele. Haya yanawahusu pia.

Nimeombwa nizungumzie dawa za sonona wakati wa mimba. Sonona si huzuni ya siku mbili. Ni ule uzito unaokaa wiki baada ya wiki, mtu hali, halali, haoni haja ya kuamka. Lakini nitaanza na panya, kwa sababu panya ndiye aliyenikosesha.

Miaka mingi iliyopita, kabla sijaajiriwa na kaunti, nilikuwa nikiuza katika duka la dawa. Akaja mama mwenye mimba ya miezi minne, mkononi ameshika ile karatasi ya maelezo inayokunjwa ndani ya pakiti, maandishi yake kama sisimizi. Alikuwa akimeza fluoxetini. Mtoto wa jirani alimsomea kwamba panya waliopewa dawa hiyo walizaa watoto wafu. Akaniuliza, "Mwanangu, niendelee ama niache?" Nami, kwa ujana na kwa haraka ya foleni, nikamjibu, "Acha tu, mama, uwe salama."

Wiki kadhaa baadaye dada yake alinijia. Mama yule hakuwa akila, kliniki ya wajawazito ameacha kwenda, na usiku mmoja walimkuta amekaa nje peke yake akisema watoto wake wangekuwa heri bila yeye. Alhamdulillahi, alipelekwa hospitali, akarudi kwenye matibabu, akajifungua salama. Lakini jibu langu lilikuwa baya, na nalikumbuka kila nionapo karatasi ile.

Sasa, karatasi ilisema nini hasa? Haikudanganya. Panya jike hubeba mimba kwa siku 21 au 22 tu, ndiyo maana hutumiwa. Hupewa dawa kabla ya kupandwa, wakati wa mimba na wakati wa kunyonyesha, kisha wataalamu huangalia: wameshika mimba? Watoto wameumbika sawa? Wamekua? Kwa fluoxetini, uwezo wa panya kushika mimba haukupungua, wala watoto hawakuonekana na viungo vilivyoharibika. Kilichoonekana, kwa miligramu 12 kwa kila kilo ya uzito wa panya, ni watoto waliozaliwa wafu kuongezeka, waliozaliwa hai kuwa wepesi, na wengine kufa katika siku 7 za kwanza. Kwa miligramu 5 madhara hayo hayakuonekana.

Ukilinganisha kwa hesabu wanayotumia wataalamu, miligramu 12 za panya ni karibu mara sita ya mtu anayemeza kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku. Zile 5 ni zaidi kidogo ya mara mbili. Sitawaambia pengo hilo ni kubwa kama bahari. Ni onyo la kweli, la kumfanya daktari apime kipimo chako vizuri. Ila si hukumu.

Na panya naye hukosea. Thalidomidi ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1957, wajawazito wakapewa kwa kichefuchefu na usingizi. Hata ilipoondolewa sokoni huko mwaka 1961, watoto zaidi ya 10,000 duniani walikuwa wameathirika, wengi mikono na miguu haikuumbika. Panya wa maabara walipopewa dawa ileile, watoto wao hawakuonyesha ulemavu huo. Sungura ndio walioonyesha. Tangu hapo dawa mpya hujaribiwa kwa zaidi ya aina moja ya mnyama, kisha wajawazito wenyewe hufuatiliwa.

Kwa fluoxetini wamefuatiliwa maelfu kwa maelfu. Hata mama asiyemeza dawa yoyote, karibu watoto 3 kati ya 100 huzaliwa na kasoro fulani. Kwa wanaomeza fluoxetini, kama idadi hiyo huongezeka, huongezeka kidogo sana. Paroxetini ni tofauti kidogo: tangu 2005 kuna onyo kuhusu moyo wa mtoto katika miezi mitatu ya kwanza, kwa hiyo daktari huenda akakubadilishia. Valproeti, ambayo wengine hupewa kwa kifafa au maradhi ya akili, hiyo ndiyo ya kuogopwa hasa. Karibu mtoto 1 kati ya 10 huathirika kimaumbile. Hata hiyo, usiitupe mwenyewe. Kifafa kikirudi ghafla kinaweza kuua mama na mtoto. Nenda kliniki siku hiyohiyo.

Ukimeza dawa ya sonona hadi mwisho wa mimba, mwambie mkunga. Mtoto anaweza kutetemeka, kunyonya kwa shida au kupumua haraka siku za mwanzo. Mara nyingi hupita, lakini atazamwe.

Haya, wazee wa mlangoni. Mbegu za mwanamume huchukua miezi miwili na nusu hivi kukomaa. Dawa hizi zaweza kupunguza hamu na kuchelewesha tendo, na wengine ubora wa mbegu hupungua kwa muda. Wapo wanaoacha dawa kimyakimya kwa aibu, kisha nyumba nzima inateseka. Semeni. Dawa hubadilishwa, kipimo hupunguzwa. Sisi wafamasia tumesikia mengi, hatucheki.

Na wewe mhamasishaji unayebisha hodi nyumba kwa nyumba: ukimkuta mjamzito anasema ameacha dawa, usimgombeze, wala usimwambie "acha tu" kama nilivyofanya mimi. Muulize ameacha lini, analala, anakula, amewaza kujidhuru? Akisema ndiyo kwa hilo la mwisho, usimwache peke yake; msindikize hadi Port Reitz, kwenye huduma za afya ya akili. Wengine wote, njooni na pakiti yenyewe, pamoja na ile karatasi. Tutaisoma pamoja, hata sehemu ya panya.