Handel na Kayamba: Maneno ya Katibu Kabla ya Sehemu ya Pili

 

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, akina mama, akina baba, vijana na wageni wote mliokuja kusherehekea nasi jubilii ya miaka 50, asanteni sana. Kabla ya chai mmesikia Haleluya ya Handel kama ilivyoandikwa, kwa kinanda. Mkitazama programu mtaiona tena mwishoni. Si kosa la mpiga chapa. Mara hii inakuja na ngoma, kayamba na njuga, na tumeombwa tueleze kwa nini.

Tuseme ukweli: wimbo huu nusura utugawanye. Tulipouleta mpangilio mpya kwenye mazoezi, mzee wetu mmoja wa besi, aliyewafundisha wengi wetu solfa ubaoni, alikunja karatasi yake akasema Handel si wa kuchezewa. Akatoka. Wiki mbili hatukumwona, na wengine wawili wakamfuata. Baadhi yetu tulisema ni uzee tu. Lilikuwa jibu baya, kwa sababu swali lake ni la haki: wimbo uliobeba Pasaka zetu miaka yote hii, nani ametupa ruhusa ya kuubadilisha?

Basi tukaketi tukasoma, na tuliyoyakuta yalitushangaza.

Handel aliandika Messiah jijini London mwaka 1741, kwa muda wa siku 24 hivi. Wiki chache kabla ya kuanza alikuwa ametunga nyimbo za Kiitaliano za sauti mbili, nyimbo za mapenzi kabisa. Katika mmojawapo, mwimbaji anayalaumu mapenzi kuwa ni kipofu, anaapa kwamba hatayaamini tena. Sauti ya wimbo huo Handel aliichukua akaivika maneno ya Isaya 9, na ndiyo ile kwaya ya mtoto aliyezaliwa kwa ajili yetu ambayo huimbwa kila Krismasi. Tuliposomewa haya kwenye mazoezi, alto mmoja alisema sasa ameelewa kwa nini zile noti zinakimbia namna ile.

Hakuishia hapo. Kila mara alipoiimbisha Messiah aliibadilisha kulingana na waimbaji aliokuwa nao. Mwaka 1750 alipompata Gaetano Guadagni, mwenye sauti ya ajabu, alimwandikia upya wimbo mzima. Na katika muziki wa enzi ile, unaoitwa baroki, mwimbaji pekee aliporudia sehemu ya kwanza ya wimbo alitarajiwa kuiremba kwa ubunifu wake mwenyewe. Mpiga kinanda naye aliandikiwa noti za besi na tarakimu chache. Vidole vingine alijitafutia. Kwa hiyo kile tunachokiita "kama kilivyoandikwa" kiliachiwa nafasi tangu mwanzo.

Waliokuja baadaye waliitumia nafasi hiyo. Mwaka 1789 Mozart aliipanga upya Messiah kwa maneno ya Kijerumani, akaongeza filimbi na klarineti. Mwaka 1992, Marekani, Mervyn Warren na wenzake walitoa albamu ya Messiah kwa mitindo ya watu weusi: injili, jazi, blues na mingineyo. Stevie Wonder aliimba humo pamoja na kundi la Take 6, na Haleluya yenyewe iliongozwa na Quincy Jones. Mwaka uliofuata, kondakta Marin Alsop aliileta jukwaani New York Messiah nyingine ya jazi na injili, yenye okestra, kwaya na waimbaji watatu wa pekee. Jina lake, Too Hot to Handel, ni utani kuhusu kitu cha moto kisichoshikika. Tuliisikiliza albamu ile ya 1992 kwa simu iliyowekwa ndani ya sufuria ili isikike vizuri, jambo ambalo Quincy Jones hangelipenda.

Hata malalamiko si mapya. Messiah ilipoingia London mwaka 1743 ikaimbwa ndani ya jumba la michezo ya kuigiza, waliandika magazetini kulalamika kwamba Neno la Mungu limepelekwa mahali pasipofaa. Tulipofika hapo hatukucheka sana. Tulimkumbuka mzee wetu, tukamwendea nyumbani.

Hakubishana nasi. Alisema tu, "Nyinyi imbeni, nitakuja kusikiliza." Akaja, akakaa nyuma karibu na mlango. Tulipomaliza alisema ngoma imekula maneno. Na kweli ilikuwa imeyala! Kuna mahali ambapo besi huanza peke yao kutangaza kwamba Bwana atamiliki milele, tenor wakafuata, halafu alto, halafu soprano, kila sauti ikipanda juu ya nyingine. Ngoma ikipigwa hapo kwa nguvu, husikii nani ameingia. Inabaki kelele ya furaha tu. Mzee alisema tukizima ngoma mahali pale, ataimba.

Tukaizima. Mtasikia wenyewe: mwanzoni mdundo wa sita, ule unaowainua akina mama kwenye viti, kisha kimya cha ngoma, makofi peke yake, na besi wanaingia. Yeye yuko katika mstari wa nyuma, wa pili kutoka kulia. Mpaka leo hajasema kwamba anaupenda mpangilio huu, na kayamba amekataa kuishika. Wale wawili waliomfuata, mmoja amerudi. Mwingine bado tunamngoja, na nota zake tunazo.

Sasa neno dogo la utaratibu. Messiah ilipoimbwa mara ya kwanza, Dublin, Aprili 1742, kwa ajili ya hospitali mbili na wafungwa wa madeni, akina mama waliombwa waje bila zile sketi zao zenye pete pana, na akina baba bila panga, ili watu wengi zaidi waenee. Sisi hatuna ombi kubwa hivyo. Tunaomba tu mikoba na miavuli iondolewe kwenye njia ya katikati, maana wapiga kayamba wataingilia mlango mkubwa, na vijana wetu hawa wakianza kucheza huwa hawatazami chini.