Mtu Mmoja, Mistari Miwili: Maneno ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi



Nimeombwa nieleze habari ya orodha ya wanachama, maana ndiyo iliyotaka kutuvunjia kikundi.

Wenyewe mnajua tulivyoanza: sanduku moja, funguo tatu na daftari la katibu. Baadaye kijana wetu akahamishia majina kwenye programu ya mtandao, tukapiga makofi. Kumbe mwenzetu mmoja aliandikwa mara mbili. Hapa Kahama aliandikwa Kabula, maana alizaliwa wakati wa mvua. Alipomfuata mume machimboni Nyarugusu, akaandikwa kwa jina la ubatizo na laini nyingine ya simu. Hisa zikakaa mstari huu, mkopo mstari ule. Siku ya mgao, huku ana akiba hana deni, kule ana deni hana hata hisa moja! Watu wakaanza kumwita mwizi, naye hakuiba hata senti.

Tukamwambia kijana atafute wote waliojirudia. Jina la kwanza aliliacha, kwa kuwa sisi Wasukuma tuna majina matatu matatu. Akalinganisha jina la baba, siku ya kuzaliwa na namba ya simu. Mashine ikaleta mapacha wetu, Kulwa na Doto: baba mmoja, siku moja, na simu ni moja wanaazimana. Ilibaki kubonyeza tu, Doto afutwe pamoja na akiba yake ya miaka sita. Mimi wa darasa la saba nikasema hapana, waitwe kwanza.

Sasa tunatumia namba ya NIDA, yenye tarakimu 20. Ila isomwe mpaka mwisho, maana zile 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mapacha hufanana hapo. Namba ikishaingia, programu haiipokei mara ya pili. Ambao hawajapata namba, katibu anawaendea mwenyewe na shahidi. Wala hatufuti mtu. Mistari miwili inaunganishwa, hisa na mkopo vinahesabiwa pamoja mbele ya mwenye mali, naye anaweka dole gumba.

Yule mwenzetu wa Nyarugusu yupo, amekaa safu ya pili. Tulimwomba radhi mkutanoni, tukiwa wenyewe kwa wenyewe. Leo namwomba tena mbele ya wageni.