Chuma Kinachobaki Baada ya Damu

Wasikilizaji wa Masisi na Walikale, mtoto mwenye SS, yaani seli mundu, akipauka viganja na macho yakageuka manjano, mzazi huomba kitu kimoja tu: aongezewe damu. Ana haki. Malaria ya huku humaliza damu ya mtoto kwa siku chache, na aliyezaliwa na seli mundu hana akiba. Damu ile humwokoa; sitaisema vibaya.

Ila damu huja na chuma chake. Mfuko mmoja wa mtu mzima una miligramu 200 hadi 250, nao mwili hupoteza miligramu moja au mbili tu kwa siku, wala hauna njia ya kutoa kilichozidi. Kinalundikana kwenye ini, baadaye hata moyoni. Mtoto aliyeongezewa damu mara kumi, ishirini, anaweza kucheza na wenzake huku ini linaumia.

Dawa za kunasa chuma hicho na kukitoa zipo. Deferoksamini, inayotokana na bakteria, ilianza kutumika miaka ya 1960. Huingizwa polepole chini ya ngozi kwa saa 8 hadi 12, karibu kila usiku. Hebu fikirini pampu hiyo ndani ya hema la wakimbizi! Deferasiroksi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005, humezwa, lakini figo na ini lazima vipimwe mara kwa mara. Tena kipimo cha feritini, kinachokadiria chuma mwilini, huwa hakiaminiki penye malaria: ugonjwa wenyewe hukipandisha.

Kwa hiyo mimi naona utafiti unaotufaa zaidi ni wa REACH, uliowapa watoto wenye seli mundu dawa ya haidroksiurea huko Kinshasa, Kilifi, Mbale na Luanda. Matokeo yake, yaliyochapishwa 2019, yalionyesha kwamba kuongezewa damu kulipungua, malaria ikapungua, vifo vikapungua. Afadhali chuma kisiingie kuliko kuhangaika kukitoa.

Basi wakubwa wa afya wahakikishe haidroksiurea inafika Masisi na Walikale, pamoja na vipimo vya damu vinavyoendana nayo. Na ninyi wauguzi, kila mfuko uandikeni kwenye fishi anayobaki nayo mama. Vita vilipofika Masisi-centre Januari 2025, kisha Walikale-centre mwezi Machi, familia zilitawanyika. Daktari wa huko walikokimbilia atajuaje mtoto huyu amekwisha kupewa mifuko mingapi?